Arepa za Bi Khole na Sufuria ya Balqees

Wasikilizaji wapendwa, asalaam alaykum. Mimi ni Shurooq, na jioni hii, kama ada yetu, tunakaa na mtu aliyetutoka. Leo tunakaa na Bi Khole binti Thani, wa Hail, hapa hapa Maskat. Amefariki mwezi huu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nianze na simu zenu. Tangu tutangaze jina lake, simu ya kipindi haijatulia. Mmoja ananiambia, "Shurooq, usisahau kusema alikuwa mpole." Mwengine anasema, "Sema hakuwahi kumkwaza mtu." Mpole? Bi Khole? Jamani! Mwanamke huyu alikwenda harusini, akaonja biriani, akaweka kijiko chini, akamwambia mama wa bibi harusi, "Hongera kwa mwanao. Kwa chakula, Mungu akusameheni." Huyo ndiye mnayetaka nimwite mpole.

Tena mwenyewe alikataza. Mwanawe, Badr, amenipa maneno yake kama alivyoyasema: "Mama alituambia, nikifa msinioshe mara mbili. Maji ya maiti yatanitosha." Basi hatutamwosha mara ya pili, wasikilizaji wapendwa. Tutamsema alivyokuwa.

Alikuwa na dharau. Alidharau sambusa za kununua zimeganda kwa barafu. Alidharau kahawa inayotoka kwenye mashine. Alidharau wageni wanaopiga picha sahani kabla ya kula, na kuna shoga yake mmoja alipokonywa simu kwa sababu hiyo, akarudishiwa mlangoni wakati wa kuondoka. Lakini kuliko vyote hivyo, Bi Khole alidharau ugali. Kwake ugali kilikuwa chakula cha watu wa bara, na watu wa bara kwake walikuwa watu wa kuonewa huruma kwa mbali. Shikeni hapo, kwenye ugali. Tutaurudia.

Bi Khole alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi. Alikuja Maskat angali msichana, na wazee wake. Hapa akaolewa na Harub, fundi wa mitambo ya mafuta, mtu wa maneno machache. Ilikuwa bahati yake Harub, maana maneno yote ya nyumba ile yalikuwa ya mkewe. Miaka ya themanini kampuni ikampeleka Harub kusoma kazi nchini Venezuela, kwenye mji wa Marakaibo. Bi Khole akafuatana naye. Mji ule una joto kama letu, ziwa linanuka mafuta, na yeye hajui neno hata moja la Kihispania.

Mlango wa pili alikaa mama mmoja anaitwa Nereida. Nereida alimtazama huyu mgeni aliyejifunika, akamdharau. Bi Khole akamtazama Nereida na vikaptula vyake, akamdharau zaidi. Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza. Nereida ndiye aliyemfundisha arepa.

Kwa wasiojua, arepa ni vimkate vya mahindi, vya mviringo, vinene kama kidole gumba. Unakanda unga kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Unafanya donge. Unalipigapiga kwa viganja, upande huu na upande huu, mpaka linakuwa bapa. Unaliweka kwenye chuma cha moto mpaka lifanye ganda juu na chini, ndani pabaki laini. Halafu unalichana ubavuni kwa kisu, linafunguka kama mfuko, unalijaza. Nyama ya kuchambua, maharage meusi, jibini, utakacho. Na siri yake ni unga. Unga wa arepa ni wa mahindi yaliyokwisha kupikwa, ndipo yakasagwa. Naomba mlishike na hilo pia: mahindi yaliyokwisha kupikwa.

Bi Khole akikosea kupiga viganja, Nereida humpiga kofi la mkono. Hakuna mtu mwengine duniani aliyempiga Bi Khole kofi akabaki na mkono wake.

Waliporudi Maskat walirudi na masanduku ya unga ule. Ukiisha, wenzake Harub wanaosafiri humletea mwengine. Baadaye likapatikana duka moja mjini lililouuza. Ikawa nyumba ya Bi Khole ndiyo nyumba ya arepa. Akizijaza jodari wa wavuvi wa Sidab, amechambuliwa na kukaangwa na kitunguu, ndimu na pilipili mbichi. Jamaa wakila, wakilamba vidole, yeye akiwatazama kama mtu anayelisha kuku.

Halafu Badr akaoa. Akamwoa Balqees, daktari wa meno, Mmanga kama sisi sote, isipokuwa wazee wake waliishi Tabora, na yeye mwenyewe Tabora ndiko alikozaliwa. Mnazijua nyumba zetu. Mtu aliyetoka Unguja na mtu aliyetoka bara, wote wana pasi moja na kabila moja, bado mmoja anamtazama mwenzake juu mpaka chini. Upuuzi mtupu, lakini tumeulea wenyewe. Bi Khole hakukataa ndoa. Alisema tu, mbele ya watu, "Mtoto mzuri, na ana kazi. Lakini sufuria ya ugali jikoni mwangu haiingii."

Balqees hakuwa mtu wa kulia pembeni. Alijibu pale pale, "Haitaingia, mama. Wala haitakuomba kuingia."

Ikaja korona. Viwanja vya ndege vikafungwa, na duka la unga likafunga nalo, halikufungua tena. Kipindi hicho hicho Harub akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na ulimi ukalala nao. Badr na Balqees wakahamia Hail kusaidia kumuuguza. Na Balqees, akitaka ugali wake, alikuwa akiusonga jiko la nje, juani, mama mkwe akishalala mchana. Unaobaki anauweka kwenye bakuli, anaufunika, anauficha kwenye friji nyuma ya maziwa.

Harub akaacha kula. Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo penye kisa chetu. Uji hataki. Supu hataki. Mkate wa mofa, mkate wa kumimina, wali umepondwa na maziwa, vyote anafumba mdomo. Nyama ikamwisha mwilini. Daktari akaanza kuzungumza habari ya mpira wa kumlishia puani. Bi Khole hakulia mbele ya mtu, lakini Badr anasema ilifika mahali mama yake hamtukani mtu yeyote, na hapo ndipo walipoogopa.

Siku moja wakamwona mzee anafanya kitu. Mkono wake mzima, wa kushoto, alikuwa akiupiga juu ya ule uliokufa. Polepole, kwa kiganja. Badr alidhani anapiga makofi. Balqees alidhani anaomba dua. Bi Khole akakaa kitako.

"Anataka arepa," akasema. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya Nereida."

Unga hakuna. Maskat nzima hakuna. Bi Khole akaagiza sembe, ya kawaida, ya dukani. Sasa hapa nataka mcheke kidogo, maana mwenyewe alicheka baadaye. Sembe ni mbichi, haijapikwa. Akaikanda kwa maji ya moto, donge likapasuka mikononi. Akatia yai, likapasuka. Mwisho akatia tui la nazi, kwa sababu Mzanzibari akishindwa na chakula anakitia nazi. Ikawa matope matamu. Alipoweka kipande kinywani mwa Harub, Harub alikitema shukani. Mgonjwa wa kiharusi, hawezi kusema, lakini dharau bado anayo. Alikaa na Bi Khole miaka mingi.

Mchana uliofuata nyumba imelala. Bi Khole amekwenda jikoni kutafuta maziwa. Nyuma ya maziwa akaona bakuli. Akafunua. Ugali!

Angeutupa. Alikwisha kuutupa mara mbili kabla, Balqees anajua. Safari hii hakuutupa. Aliutia kidole. Kidole kikaacha shimo, na pembeni hapakupasuka. Akamega kidogo, akauviringisha, akaupiga kwa kiganja upande huu na upande huu. Ukakaa. Bi Khole akasimama pale mbele ya friji wazi, na yakamjia maneno ya Nereida kwamba mama yake, zamani, kabla ya unga wa kiwandani, alikuwa akiyapika mahindi kwanza ndipo akayasaga. Yawe yamepikwa, basi. Na ugali ni nini, kama si mahindi yaliyopikwa?

Akaiba ugali wa mkwewe. Nasema akaiba, na nalisema wazi, maana mwenye mali alikuwa chumba cha pili na hakuombwa. Akaukanda na chumvi na samli kidogo. Akapasha chuma. Akazipanga. Zikafanya ganda. Akazichana, zikafunguka. Akazijaza jodari, akazichukua na chuma chake mpaka kitandani kwa Harub.

Harub akafungua mdomo. Akala ya kwanza yote. Akala nusu ya pili.

Balqees akaamka, akafungua friji, akafunga. Akaja mlangoni kwa mgonjwa.

"Mama, ugali wangu uko wapi?"

"Ugali gani? Nyumba hii haina ugali."

Balqees akakitazama chuma. Akamtazama Harub, mashavu yamejaa.

"Mama. Baba anakula ugali wangu."

"Anakula arepa," akasema Bi Khole, wala hakugeuka. "Ugali wako ulikuwa mgumu, nimeutengeneza. Kesho songa mwengine. Usiukaze kama unajenga ukuta."

"Nikausonge wapi? Nje?"

Bi Khole akampangusa Harub midomo.

"Njoo ndani," akasema. "Nje jua kali."

Ndivyo sufuria ya ugali ilivyoingia nyumba ya Bi Khole, Hail. Hakuna samahani, hakuna ahsante. Balqees anasonga, Bi Khole anapiga viganja. Mmoja anasema, "Mama, hizo zako zimekuwa masikio ya tembo." Mwengine anasema, "Na weye mwiko umeushika kama kasia." Harub aliishi mwaka na zaidi kwa arepa hizo. Alipofariki, Balqees alisema neno ambalo Bi Khole alilirudia mara nyingi: "Baba hakufa na njaa."

Ningeishia hapa mngelia vizuri mkalala. Siishii hapa.

Korona ikapita, watu wakaanza kutembeleana. Ijumaa jamaa wakawa wanajaa tena Hail. Wanakula arepa, na wanasema ni nzuri kuliko zamani. Wanauliza unga ameupata wapi. Bi Khole anajibu, "Unapatikana." Anayeusonga yuko jikoni, mwiko mkononi, jasho linamtoka, na hakuna anayemtaja. Ijumaa baada ya Ijumaa.

Mdogo wake Bi Khole ni Bi Nasriya. Yu hai, na najua ananisikiliza, maana ni miongoni mwa walionipigia simu wakitaka neno mpole. Ijumaa moja Bi Nasriya, arepa mkononi, mafuta ya jodari yanamtiririka kwenye kifundo cha mkono, alimwambia Balqees mbele ya watu wote:

"Jifunze kwa mama'ko, mwanangu. Nyie bara mahindi mnayo tele, mkajua kusonga tu. Tazama watu wa mjini wanavyoyafanya mahindi."

Watu wakacheka. Balqees alimtazama mama mkwe wake. Alimpa nafasi, wasikilizaji wapendwa. Neno moja lingetosha.

Bi Khole, aliyemwambia mama wa bibi harusi kuhusu biriani. Bi Khole, aliyempokonya mtu simu. Bi Khole aliyekuwa hamwogopi waziri wala shekhe. Akasema, "Kula, Nasriya, zitapoa."

Basi. Hilo ndilo alilolisema. Na mimi namsema alivyokuwa: siku hiyo alikuwa mwoga. Mdomo wote ule wa kudharau wenzake, na alipohitajika kusema neno moja la haki, akaogopa kuchekwa na watu wanaolamba vidole mezani kwake.

Balqees akaosha mwiko. Akaipangusa sufuria yake, akaibeba, akenda nayo nyumbani kwake, maana yeye na Badr walikwisha kuhamia nyumba yao mtaa wa nyuma. Ijumaa iliyofuata hakuja.

Bi Khole akajaribu kusonga mwenyewe. Sina haja ya kueleza sana. Mabuje ya unga mbichi juu, chini umeungua. Aliwapigia simu wageni wake akasema presha imepanda. Ijumaa ya pili, presha. Ijumaa ya tatu Bi Nasriya akaja na mashine ya kupimia, presha haina neno.

Siku ya pili yake, saa tano ya asubuhi, mwezi wa sita, jua la Maskat mnalijua wenyewe, Bi Khole alivaa abaya yake akatembea kwa miguu mpaka mtaa wa nyuma. Dereva alikuwepo. Hakumtaka. Haya yaliyofuata nimeyapata kwa Balqees mwenyewe, na Badr alikuwepo.

"Nimekuja," akasema Bi Khole, hajakaa bado.

"Nakuona, mama. Karibu maji."

"Maji sitaki. Nna njaa."

"Wageni wako wana njaa, au wewe?"

"Mie. Wageni na wende zao. Mie nna njaa, na ule wangu haulambiki."

Balqees akamwambia, "Mama, nitakusongea. Wewe na mimi, siku yoyote. Lakini kwa Bi Nasriya sisongi mpaka aambiwe anakula nini na kimepikwa na nani."

Bi Khole akakaa. Akaivua barakoa ya korona, bado alikuwa na mazoea ya kuivaa, akaikunja.

"Sitoweza," akasema. "Nimeujenga mdomo huu miaka sitini. Nikisema leo, Nasriya atacheka mpaka nife. Nikifa, basi. Nikifa isemwe."

"Ukifa nani aseme, mama? Mimi? Wataniambia nawasingizia maiti."

"Yupo yule msichana wa redioni. Ana mdomo. Atasema yeye, na redio haijibiwi na mtu."

Msichana wa redioni mwenye mdomo ni mimi, wasikilizaji wapendwa. Nilipoambiwa nilicheka, kisha nikakasirika. Mama huyu alikuwa na miaka mizima ya Ijumaa ya kulisema neno hili, akaliacha nilibebe mimi baada yake. Na Balqees akakubali. Kwa nini alikubali? Nilimuuliza. Akanijibu, "Alikuja kwa miguu."

Wageni wa Ijumaa hawakuitwa tena. Presha ile ya kwenye simu ikabaki juu mpaka mwisho. Lakini mchana wa Ijumaa, wawili hawa walikaa jikoni Hail, sufuria ya Balqees juu ya jiko la Bi Khole, wakala peke yao wakitukanana.

Moyo ulipomchoka, mwaka huu, Balqees alikuwa akimletea arepa kitandani. Siku za mwisho ilikuwa ndogo, kiasi cha tonge. Bi Khole akaitafuna.

"Leo umelegea," akasema.

"Nimeulegeza makusudi, mama. Meno yako."

"Najua," akasema Bi Khole. Akamaliza.

Badr anasema hilo ndilo neno zuri kabisa alilowahi kumsikia mama yake akimwambia mtu kuhusu chakula.

Akazikwa. Zikaja siku tatu za azaa, matanga yetu, nyumba ya Hail imejaa wanawake. Siku ya tatu Balqees akatoa masinia ya arepa za jodari. Bi Nasriya akachukua moja, akachukua ya pili, akalia. Machozi ya kweli, siyakejeli. Akasema, "Zimebaki kwenye friji, maskini, za mkono wake. Hatutazila tena." Balqees alikuwa amesimama nyuma yake na sinia jengine. Mikono yake ilikuwa bado ina moto wa chuma.

Akalipitisha sinia, akijua kuna mtu mwengine wa kusema.

Basi nasema. Kwa Badr, kwa Balqees, kwa ukoo wote wa Thani na wa Harub, kwa Bi Nasriya, kipindi hiki kinakupeni pole. Mungu akupeni subira, amghufirie Bi Khole mdomo wake na ule ukimya wake wa Ijumaa ile, na mimi naamini ukimya utamtaabisha zaidi. Na sote tuliobaki, tuliokaa kwenye meza za watu tukala, tukashiba, tukamdharau aliyepika, tujitazame. Mimi najitazama pia. Ugali sijawahi kuusonga katika maisha yangu.

Bi Nasriya, mama yangu, ulikula ugali. Ijumaa zote zile, na siku ya tatu ya azaa, mara mbili. Wa Tabora, umesongwa na Balqees. Dada yako ameniagiza nikwambie, na nimekwambia. Namba ya Balqees unayo. Mpigie, mwombe akufundishe, na uende kwa miguu.